Kadi ya Bima Ipo Mfukoni, Mpima Macho Yuko Wapi?

*Mtumishi wa Tunduma hukatwa bima ya afya kila mwezi. Siku macho yanapoanza kugoma ndipo anapogundua kwamba kituo kusajiliwa na mfuko ni jambo moja, na kumkuta hapo mtu wa kumpima macho ni jambo jingine.*

Miwani inayouzwa kando ya barabara mjini Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, haina foleni wala fomu. Imepangwa kwenye ubao au kwenye kipande cha turubai, pamoja na chaja za simu, mikanda na vitana. Mnunuzi anavaa moja, anainua simu yake, anasoma ujumbe. Herufi zikicheza anaivua na kujaribu nyingine. Ikimkubali anapatana bei, analipa, anaondoka. Shughuli nzima haifiki dakika tano.

Wanunuzi ni wa kila aina. Yuko anayebadilisha kwacha kwa shilingi, ambaye noti hazimsumbui ila namba ndogo za kwenye simu. Yuko fundi cherehani ambaye siku hizi anamwita mwanawe amtungie uzi. Yuko wakala wa forodha anayeshinda na nyaraka za mizigo, ambazo tarakimu moja ikisomwa vibaya gari la mteja wake linalala mpakani.

Na wapo wengine, ambao ndio sababu ya makala haya: mwalimu, muuguzi, karani wa halmashauri, askari. Hawa wana kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kwenye pochi zao. Kwa nini mtu aliyekwisha kulipia matibabu yake ananunua miwani ya kubahatisha barabarani?

Hesabu ya mwalimu mmoja

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi mwenye mshahara wa shilingi 800,000. Sheria iliyoanzisha NHIF ni ya mwaka 1999, na mfuko ulianza kazi Julai 2001. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara: nusu anakatwa mtumishi, nusu analeta mwajiri. Kwa mwalimu huyu ni shilingi 24,000 kutoka kwake na 24,000 kutoka kwa mwajiri wake. Mwaka ukiisha, shilingi 576,000 zimeingia kwenye mfuko kwa jina lake.

Amefikisha miaka 44. Madaftari ya wanafunzi ameanza kuyasogeza mbali na uso, na kila jioni kichwa kinamgonga. Anafanya kile ambacho sote tunahimizwa kufanya: anakwenda kituo cha afya kilicho karibu naye, anaonyesha kadi, anahakikiwa, anaonwa.

Hapo ndipo njia inapoanza kuwa ndefu. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kutambua jicho jekundu, akatoa dawa ya matone, akaona mtoto wa jicho aliyekwisha kukomaa. Kupima nguvu ya lenzi ni kazi ya mtu mwingine, mwenye sanduku lake la lenzi na kurunzi yake maalumu. Kwa hiyo mwalimu anaandikiwa rufaa.

Rufaa inampeleka Vwawa, makao makuu ya mkoa, kiasi cha kilometa 40. Kwa muundo wa huduma za afya nchini, hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo inayotarajiwa kuwa na kitengo cha macho. Huduma anayoitaka ikikosekana siku hiyo, kinachofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kutoka Tunduma mpaka Mbeya mjini ni zaidi ya kilometa 100. Barabara ni hiyohiyo ya TANZAM inayobeba malori ya shaba na mafuta, kwa hiyo muda wa safari hauupangi wewe.

Tena safari haiwi moja. Kupima ni siku moja, kuchukua miwani ni siku nyingine, kwa sababu lenzi lazima ikatwe na kuingizwa kwenye fremu katika karakana. Nauli ya kwenda na kurudi, mara mbili. Chakula cha njiani, mara mbili. Darasa la watoto lisilo na mwalimu, mara mbili. Mfuko haulipi hata kimoja kati ya hivyo.

> *Bima inalipia lenzi. Nauli, chakula na siku ya kazi iliyopotea analipa mgonjwa.*

Ukizijumlisha gharama hizo, miwani ya kwenye ubao inaonekana rahisi hata kwa mtu mwenye bima. Simlaumu mwalimu akiinunua. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba amepuuza afya yake.

Mkoa mchanga, wataalamu wa zamani

Songwe ulizaliwa Januari 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.3 katika mkoa huu, na zaidi ya 200,000 kati yao wakiishi katika Halmashauri ya Mji Tunduma peke yake. Ni mji mkubwa kuliko makao makuu ya mkoa wake, umekaa mdomoni mwa mpaka, na tangu Oktoba 2019, marais wa Tanzania na Zambia walipozindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, shughuli zimezidi kuongezeka.

Mkoa ukigawanywa, mipaka huchorwa kwa siku moja. Majengo hufuata baada ya miaka. Wataalamu hufuata baada ya majengo, na wa macho huwa mwishoni kabisa mwa foleni, nyuma ya wa uzazi, wa upasuaji na wa dawa ya usingizi. Sababu inaeleweka: mama anayetoka damu hawezi kusubiri, mwenye macho mazito anaweza. Lakini kusubiri huko kuna gharama zake, na nitazieleza.

Jiografia nayo haikusaidia. Mtu wa Mkwajuni, wilaya ya Songwe, kwa barabara yake ya kawaida hutokea Mbalizi, yaani nje kidogo ya jiji la Mbeya, kabla hajafikiria kwenda Vwawa. Mtu wa Kamsamba, kule Momba kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ana safari ya peke yake. Wa Itumba, Ileje, ana milima yake. Kumwambia kila mmoja wao aende hospitali ya mkoa ni rahisi kwenye karatasi.

Nani hasa anapima macho?

Wagonjwa wengi humwita kila mtu wa kitengo hicho daktari wa macho, na mkanganyiko huo unawapotezea muda. Daktari bingwa wa macho ni yule anayepasua mtoto wa jicho na kutibu maradhi makubwa. Muuguzi wa macho anahudumia magonjwa ya kawaida na kuandaa wagonjwa wa upasuaji. Anayekupima na kukuandikia namba ya miwani ni mtaalamu wa optometria. Kisha yuko fundi anayekata lenzi.

Optometria ina sheria yake nchini, ya mwaka 2007, na ina baraza lake linalosajili wataalamu. Chuo kinachojulikana zaidi kwa kuwafundisha kipo KCMC, Moshi. Moshi na Tunduma ziko pembe mbili zinazotazamana za nchi, na kijana aliyesomea kaskazini akimaliza anatafuta kazi penye vifaa na wateja wenye uwezo: Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Dodoma. Akija nyanda za juu kusini, Mbeya ndiyo inayompokea kwanza.

Kwa hiyo mwenye kadi akiuliza, "Hospitali gani inapokea bima yangu?" anaweza kupewa jibu sahihi lisilomsaidia. Hospitali inapokea. Swali lenye faida ni nani yupo kwenye chumba cha macho, anakuja siku zipi, na miwani akishaandika inatengenezwa wapi.

Kituo kimesajiliwa, huduma je?

Hapa ndipo ninapoliona tatizo lenyewe. NHIF husajili vituo, na orodha ya vituo huonyesha jina, mahali na ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali. Kwa malaria inatosha, kwa kuwa kila zahanati inapima malaria. Kwa macho haitoshi. Hospitali inaweza kuwa kwenye orodha mwaka mzima huku mtaalamu wake pekee wa optometria akiwa masomoni, likizo ya uzazi au amehamishwa, na mashine ya kukatia lenzi haijawahi kufika.

Mgonjwa anaujua ukweli huo akiwa amekwisha kufika dirishani. Mfuko kwa upande wake unapokea madai ya fedha kutoka kila kituo kila mwezi, kwa aina ya huduma. Una uwezo wa kuona kituo gani kilitoa miwani mwezi uliopita na kipi hakikutoa hata moja. Taarifa hiyo inafaa zaidi kwa mtu wa Tunduma kuliko orodha yote ya majina.

> *Mfuko unaona kituo kipi kilitoa miwani mwezi uliopita. Mwanachama naye anastahili kuona.*

Mwenye CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ana hali ngumu zaidi. Kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zake zinaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi mwenye kadi hiyo akielekezwa Hospitali ya Kanda Mbeya, anavuka kikomo cha kadi yake, na kule anakuwa mgonjwa wa fedha taslimu kama mwingine yeyote.

Mfuko una hoja

Ni rahisi kuulaumu mfuko, na lawama nyingine unazistahili. Lakini miwani ni bidhaa inayovutia udanganyifu kuliko chanjo au upasuaji. Hakuna anayejifanyia upasuaji wa tumbo ili apate faida. Miwani unaweza kumwandikia mtu ambaye hukumpima. Unaweza kudai lenzi za gharama ukatoa za bei nafuu. Mteja mwenyewe anaweza kutaka miwani ya jua yenye fremu ya kisasa, iandikwe kuwa ni ya kusomea.

Ndiyo maana mfuko unaweka masharti: miwani imo kwenye kitita cha mafao, lakini kwa ukomo wa bei, kwa vipindi na kwa uthibitisho. Fedha hizo ni za muuguzi wa Chitete na mwalimu wa Mlowo. Zikiliwa leo, mwenye saratani kesho atakuta mfuko mtupu.

Historia inawaunga mkono wenye wasiwasi huo. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya kwa wote tarehe 5 Julai 1948, miwani ilitolewa bure. Watu walijitokeza kwa mamilioni, wengi wakiwa hawajawahi kupimwa macho maishani, na bajeti ikazidiwa. Mwaka 1951 serikali ikaamua wananchi wachangie gharama za miwani na meno ya bandia. Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi huduma hiyo, alijiuzulu serikalini kwa kupinga uamuzi huo.

Mimi nasoma jambo jingine katika kisa hicho. Mafuriko ya watu yalionyesha uhitaji uliofichwa na umaskini kwa miaka mingi. Waliofurika walikuwa hawaoni vizuri. Tunduma ikifungua dirisha la miwani linalopokea bima, foleni ya wiki za mwanzo isije ikamtisha mtu akasema watu wana tamaa.

Wenye maduka nao wanasema

Duka binafsi la miwani lingeweza kuziba pengo haraka. Linahitaji chumba, chati ya herufi, vifaa vya kupimia, fremu na mtaalamu mmoja mwenye leseni. Mji wenye mzunguko wa fedha kama Tunduma ungeweza kulibeba.

Kinachowafanya watoa huduma binafsi wasite ni mambo ya mahesabu. Fedha za bima huja baada ya huduma, si siku hiyohiyo. Dai lenye kosa hukatwa au hurudishwa. Bei iliyopangwa na mfuko ikiwa chini ya gharama ya kuagiza fremu na lenzi, mwenye duka anabaki na njia mbili: amwombe mteja aongeze fedha, au aache kupokea kadi. Hospitali kubwa inaweza kufidia hasara ya miwani kwa faida ya maabara. Duka dogo la mpakani halina pa kufidia.

Mvutano huo uliwahi kulipuka kitaifa. Tarehe 1 Machi 2024 NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei mpya, na hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wake zikisema bei hizo hazilipi. Serikali ilishikilia kwamba kitita kilipitiwa kwa kina na kwamba mfuko lazima uwe endelevu. Wagonjwa wa Dar es Salaam walihangaika siku zile, lakini walikuwa na hospitali za umma za kukimbilia, zenye mabingwa. Mji wenye mlango mmoja tu wa huduma, mlango huo ukifungwa kwa wiki moja, hauna pa kugeukia.

Upande wa tatu ni waganga wakuu na halmashauri, ambao huwa hawasikiki. Wao wanaomba watumishi kwa ikama, na ikama hujazwa na serikali kuu kwa kadiri ya bajeti. Halmashauri inaweza kutumia mapato yake kuajiri kwa mkataba, na Tunduma haina uhaba wa mapato kama halmashauri za ndani zaidi. Ni suala la kuamua kwamba mpima macho ni hitaji la mji wa mpakani, sawa na taa za barabarani.

Kinachopotea tukisubiri

Uoni hafifu wa karibu huja na umri. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa, ikashindwa kujikunja kwa ajili ya kitu kilicho karibu. Huanza kusumbua miaka ya arobaini, kwa msomi na asiyesoma, kwa tajiri na kwa kibarua. Utafiti uliofanywa vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 uliwakuta nao watu 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi. Idadi kubwa mno hawakuwa na miwani.

Wapo wanaodhani hilo ni tatizo la wasoma magazeti. Mwaka 2018 jarida la tiba la Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India. Wafanyakazi wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya karibu waliongeza tija kuliko wenzao wasiopewa, kwa tofauti ya takriban asilimia 22. Chai huchumwa kwa kuchagua majani, na kahawa ya Mbozi huchambuliwa kwa kutazama punje. Mama anayechambua kahawa akiwa haoni kasoro ya punje anapunguza daraja la mzigo na malipo yake mwenyewe.

Watoto wana shida tofauti. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba wenzake wanaona. Anadhani ubao ndivyo ulivyo kwa kila mtu. Anaitwa mzito wa kuelewa. Na jicho moja likiwa dhaifu tangu utotoni bila kurekebishwa, ubongo hulizoea jicho zuri na kulipuuza lile jingine. Kadiri mtoto anavyokua ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kulirudisha, hata miwani bora ikipatikana baadaye. Kupima watoto wanapoanza darasa la kwanza ni kazi ambayo mwalimu aliyepewa mafunzo mafupi na chati ya ukutani anaweza kuianza, kisha wachache wanaoshindwa wapelekwe kwa mtaalamu.

> *Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba wenzake wanaona. Anadhani ubao ndivyo ulivyo kwa kila mtu.*

Halafu kuna presha ya macho, ambayo ndiyo inayonitia hofu zaidi ninapowaona watu wakinunua miwani ya kwenye ubao. Kwa kawaida haiumi. Hula uoni wa pembeni polepole huku wa katikati ukibaki safi, kwa hiyo mwenye ugonjwa anasoma vizuri na miwani yake ya barabarani, anajiona mzima, mpaka anapoanza kujikwaa kwenye ngazi. Kilichokwisha kupotea hakirudi kwa dawa wala upasuaji. Kisukari nacho huharibu pazia la ndani la jicho bila kelele. Mtaalamu anayepima miwani hutazama ndani ya jicho siku hiyohiyo na anaweza kuyabaini yote mawili. Muuza miwani wa barabarani anauza kioo, na hiyo ndiyo kazi yake; kumtaka aione presha ya macho ni kumwonea.

Hata hivyo miwani hiyo si sumu. Kwa mtu aliyevuka miaka 40, ambaye macho yake yote mawili yana nguvu sawa na shida yake ni kusoma tu, miwani ya namba ya kawaida inaweza kumfaa na haimharibii macho. Haimfai mtoto, haimfai anayeshindwa kuona mbali, wala mwenye macho yanayotofautiana nguvu. Shirika la Afya Duniani lenyewe linataka miwani ya kusomea ipatikane kwa urahisi. Katika ripoti yake ya kwanza kuhusu uoni, ya mwaka 2019, lilisema watu bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au halijashughulikiwa. Mwaka 2021 nchi wanachama zilikubaliana kuongeza upatikanaji wa miwani inayomfaa mvaaji kwa pointi 40 za asilimia ifikapo 2030.

Ng'ambo ya geti

Wapo Tunduma wanaovuka kwenda Nakonde kutafuta huduma, kama wanavyovuka kununua bidhaa. Zambia ina bima yake ya taifa, NHIMA, iliyotokana na sheria ya 2018, ambayo mwajiriwa huchangia asilimia 1 ya mshahara na mwajiri asilimia 1. Lakini kadi hizi hazivuki mpaka. Mtanzania akitibiwa Nakonde analipa mfukoni, na Mzambia akitibiwa Tunduma vilevile. Miji hii miwili imeunganishwa kwa forodha, kwa biashara, kwa ndoa na kwa lugha. Kama nchi mbili zimeweza kukagua lori mara moja badala ya mbili, mtaalamu mmoja wa macho kuhudumia watu wa pande zote mbili kwa bima zao si ndoto ya mbali mno.

Lililo karibu zaidi ni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Inakusudia kumwingiza kwenye bima yule fundi cherehani, yule anayebadilisha kwacha na yule mchambua kahawa, ambao leo wako nje. Kama mtumishi mwenye kadi ya miaka ishirini anashindwa kupata miwani bila kupoteza siku mbili barabarani, hawa wapya watakaojiunga kwa fedha zao za kuokoteza tutawaambia nini?

Kabla hujapanda basi

Kwa msomaji ambaye macho yake hayawezi kusubiri mabadiliko hayo, yapo ya kufanya wiki hii. Uliza ofisi ya NHIF ya mkoa kwa kutaja huduma, usitaje hospitali: "Nataka kupimwa macho na kupata miwani kwa kadi yangu, ni wapi kati ya Tunduma, Vwawa, Mlowo na Mbeya?" Uliza kama miwani inahitaji kibali kabla ya kutengenezwa, na ukomo wa bei ni kiasi gani, ili usije ukachagua fremu ambayo tofauti yake utailipa wewe. Hakikisha rufaa yako imeandikwa vizuri. Karatasi isiyokamilika imewarudisha wengi.

Kisha ipigie simu hospitali yenyewe uulize siku ya kliniki ya macho na kama mtaalamu wa optometria yupo. Ukiwa na mzazi mwenye kisukari, au ndugu wa damu aliyepofuka kwa presha ya macho, mweleze anayekupima hata kama umekwenda kwa miwani ya kusomea tu.

Kuna jaribio dogo linaloweza kukusaidia kujua kama shida yako ni ya miwani. Toboa karatasi ngumu kwa sindano, funika jicho moja, tazama herufi za mbali kupitia tundu lile. Herufi zikitulia na kuonekana safi zaidi, yaelekea miwani itakusaidia. Zikibaki na ukungu uleule, usinunue miwani ya mtu yeyote; unahitaji kuonwa na daktari. Jaribio hili halichukui nafasi ya kupimwa, kwani presha ya macho inaweza kulipita bila kugundulika.

Ukinyimwa huduma ambayo kadi yako inaitambua, omba sababu iandikwe na uipeleke ofisi ya mfuko. Malalamiko ya mdomo kwenye korido hayaingii kwenye takwimu ya mtu yeyote, na mkurugenzi anayepanga ikama ya mwaka ujao hawezi kuyaona.

Kwa halmashauri na uongozi wa mkoa, ombi langu ni dogo na lina bei inayokadirika. Mtaalamu mmoja wa optometria Tunduma, kwa ajira au kwa mkataba. Sanduku la lenzi na vifaa vya kupimia. Utaratibu wa kutuma maagizo ya lenzi Mbeya na kuyapokea kwa basi, ili inayosafiri iwe miwani, si mwalimu. Na mara moja kwa mwezi mtaalamu huyo aende na sanduku lake Chitete, Kamsamba na Itumba, NHIF ikikubali kulipia huduma iliyotolewa nje ya jengo kwa bei ileile.

Apewe pia siku ya kwenda kwenye foleni ya malori. Madereva wale hukaa pale kwa saa nyingi, nyakati nyingine kwa siku, wakisubiri kuvuka. Wanaendesha usiku, kwenye ukungu wa Mbozi na kwenye miteremko ya Mbeya, na muda wa kupimwa macho wanao. Watakaokutwa hawaoni vizuri wapimwe na kuandikiwa miwani kabla ya zamu yao getini kufika.